Kilosa kwa Mara ya Kwanza

Mjomba alitualika Kilosa tangu tukiwa shule, na kila mwaka palitokea udhuru. Safari hii dada yangu ndiye aliyekata tiketi, akaniambia nifungashe. Alitaka kutoka Dar es Salaam. Wiki ile, kwenye mashindano ya kuogelea ya watu wazima, matokeo yake ya mita 100 mtindo wa chura yalikuwa yamefutwa.

Treni ya umeme imekuwa ikifika Dodoma tangu Julai 2024, na ile ya kawaida husimama Kilosa. Dada alikaa dirishani bila kutazama nje. Tulipokaribia Ngerengere akaanza kusema.

Alijifunza kuogelea ukubwani, akiwa tayari ni mama. Huamka alfajiri kuwahi bwawa kabla ya kazi. Makundi ya watu wazima huanzia miaka 25 na kupanda kwa mitano mitano, na umri huhesabiwa hadi tarehe 31 Desemba. Mwaka huu aliingia kundi la 45 hadi 49, na ndiye aliyetangulia kumaliza katika kundi hilo. Lakini sheria ya chura haina mjadala: kila unapogeuka na unapomaliza, mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja. Mwamuzi aliona mkono wa kushoto umetangulia kwenye mgeuko wa mwisho.

Hakuna aliyemwambia. Alisoma mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa: jina lake liko mkiani, na mahali pa muda pana herufi mbili tu. Alipopata wa kumuuliza, nusu saa ya kuwasilisha malalamiko ilikuwa imepita.

“Si medali, mdogo wangu,” alisema. “Ni ule muda. Niliufanyia kazi, na haupo popote.”

Watu walikuwa wamemwambia kwamba ni mchezo tu, na nilishaona neno hilo linavyomfunga uso. Mimi nilimtajia Ezekiel Kemboi. Agosti 2016 kule Rio, bingwa huyo wa Kenya alishika nafasi ya tatu katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akatangaza kustaafu. Wafaransa wakalalamika kwamba alikanyaga nje ya njia, na shaba yake ikaenda kwa Mahiedine Mekhissi. Kemboi akaahirisha kustaafu, akarudi kukimbia London mwaka 2017. Hakupata medali huko. Dada aliuliza jambo moja: Kemboi aliambiwa sababu? Nikamjibu kwamba dunia nzima iliambiwa.

Baada ya Morogoro na Mkata milima ilisogea, na Kilosa ikatupokea kwa joto. Mji ni wa reli tangu enzi za Wajerumani. Mjomba alitusubiri chini ya mwembe wake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla ya chai kwisha alishajua habari yote. Alifanya kazi kwenye genge la reli, akitembea kwa miguu kukagua njia kandokando ya Mto Mkondoa, ule ambao mafuriko yake ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi.

“Huyo mwamuzi ana kisa na wewe?”

“Hapana, mjomba.”

“Mkono ulitangulia?”

Dada alikaa kimya muda mrefu. “Huenda. Mwenyewe sikuhisi.”

“Basi alikuwa kazini. Mimi nikiona mataruma yameoza nilisimamisha treni nzima, na abiria walinitukana. Lakini nilikwenda kwa dereva, nikamwonyesha. Sikumwacha agundue peke yake.”

Nadhani hapo ndipo dada alipopumua. Usiku ule alizungumzia mgeuko wenyewe: bega la kulia linalochoka, na namna atakavyolizoeza.

Kesho yake tulipanda basi dogo kwenda Mikumi, tukipita mahali paitwapo Ulaya. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Iringa na Zambia inaikata katikati, hivyo twiga na pundamilia huonekana hata kutoka ndani ya basi. Tulichokaa nacho zaidi ni bwawa la viboko. Mwongozaji alieleza kwamba kiboko haogelei hasa. Mwili wake ni mzito, hivyo hutembea na kujirusha akikanyaga chini. Dada akamjibu kwamba katika mtindo huru unaweza kusimama chini upumzike, ila ukipiga hatua moja unaondolewa. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha siku zote, na akaendelea kumfundisha kijana yule sheria za kuogelea hadi jua lilipotukimbiza garini.

Siombi sheria ilegezwe. Inamlinda yule aliyegusa kwa mikono miwili huku akijua inamgharimu. Ninachowaomba waandaaji wa mashindano ya watu wazima ni hiki: kabla karatasi haijabandikwa, mwamuzi amfuate mwogeleaji, amtajie kosa na ukuta lilipotokea, naye apewe nafasi ya kulalamika ndani ya muda. Na makocha, shikeni saa zenu hadi mwisho na mwandikieni muda wake pembeni, hata kama kwenye matokeo rasmi hautahesabiwa.