Injini na Hewa ya Mbeya

Kila mama wa Mbeya anajua kwamba maharage ya huku hula kuni nyingi kuliko yale ya Dar es Salaam. Mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Madereva wa malori nao wanaijua hewa hiyo kwa njia yao. Injini isiyo na tabo, ikimaliza kupanda Kitonga na kuingia Iringa, huwa imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu iliyokuwa nayo Morogoro. Mimi nilifundisha fizikia Iringa kwa miaka mingi, na mambo hayo niliyaandika ubaoni mara nyingi. Yaligeuka kuwa suala la uhai wa mtu siku mtoto wa dada yangu alipoanza kuunda ndege.

Yeye ni fundi wa magari, mwenye gereji Mwanjelwa. Nyuma ya nyumba ya mama yake alichomelea mabomba, akaunda mabawa ya mbao na kuyavika kitambaa, akaweka viti viwili. Kimoja chake, kingine cha mama yake, kwa maana alimwahidi kuwa ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza. Wapo waliomcheka, na wapo waliomshangilia wakisema penye nia pana njia. Si yeye wa kwanza katika Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Chris Nsamba wa Uganda alijulikana kwa ndege aliyokuwa akiiunda uani kwa mama yake, Kampala. Na Tunduma, si mbali na kwetu, fundi mmoja aliunda helikopta. Wachekaji na washangiliaji hawakosekani popote. Anayekosekana ni mtu wa tatu, yule wa kukaa na fundi na kupiga naye hesabu.

"Shikamoo mjomba. Niambie, nichukue ipi?" aliniuliza nilipomtembelea. Alikuwa na injini tatu: ya pikipiki, ya Toyota, na ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe.

Ya pikipiki ni nyepesi, lakini nguvu zake hutoka inapozunguka mara 8,000 au zaidi kwa dakika. Rafadha, yaani panga la mbele linalovuta ndege, hutaka kama mara 2,500 tu. Ikizidishwa mno, ncha zake hukaribia mwendo wa sauti, zikabaki kupiga kelele badala ya kuvuta. Kwa hiyo lazima pawe na gia ya kupunguza mwendo. Ya Toyota ina nguvu, ila ni nzito, ina rejeta na maji, na gia inaihitaji vilevile. Tena injini ya gari ni nadra kutumia nguvu zake zote barabarani, lakini ya ndege huzitumia zote kila inaporuka. Ya Volkswagen hupozwa kwa hewa na yaweza kuzungusha rafadha moja kwa moja. Wafaransa waliitumia katika ndege za kujiundia tangu miaka ya 1950.

"Basi ni hii," akasema.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza mwanangu, tuilipie kodi."

Kodi hiyo ni urefu wa Mbeya. Mchana wa nyuzi 25, hewa yetu ina uzito wa karibu asilimia 79 tu ya hewa sanifu ya usawa wa bahari. Injini ya nguvu za farasi 60 hubaki na 47 au pungufu. Rafadha nayo hupata hewa kidogo ya kushika, na mabawa hudai mwendo zaidi, karibu asilimia 13, ndipo yainue uzito uleule. Wakati wote injini ina nguvu pungufu za kuufikia mwendo huo.

Ndugu wa Wright waliruka tarehe 17 Desemba 1903 kwa injini ya nguvu za farasi 12 hivi, iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor kwa wiki 6. Watu huisimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba nia yatosha. Wanasahau kwamba Kitty Hawk ni ufukweni, siku ile ilikuwa ya baridi, na upepo mkali ulivuma kutoka mbele. Ndege ileile, mchana wa Mbeya pasipo upepo, sidhani kama ingeinuka.

Tulifunga mkia kwenye mti kwa kamba, tukaweka katikati mizani ya kupimia magunia, tukawasha. Alfajiri mizani ilisoma kilo 94. Saa saba mchana ikasoma 89. Mti ni uleule, mafuta ni yaleyale. Zile kilo 5 zilichukuliwa na jua. Kijana hakusema neno. Alikaa chini na daftari hadi jioni, akijumlisha uzito wa chuma, mafuta, mwili wake na wa mama yake.

Ipo dawa. Rotax 914 ya Austria imeundwa kwa ajili ya ndege ndogo na ina tabo inayomrudishia rubani sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko humnyang'anya. Lakini bei yake inaishinda gereji yote. Asubuhi iliyofuata alichukua spana akafungua kiti cha pili.

Dada yangu aliumia. Aliniuliza kama nimekuja kumvunja moyo mwanawe. Nilimjibu kwamba moyo wake ungali mzima, kilichopungua ni kilo 70. Mwenye kumpenda fundi hana budi kuipenda na daftari yake, hata inapomnyima kiti.

Ndege haijaruka, na haitaruka kabla ya kukaguliwa na kupewa kibali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Amekwisha kuandika barua. Katika barua hiyo, mahali pa idadi ya viti, ameandika 1.