Kiroba cha shoga yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Nilikuwa sijawahi kuibiwa hata sindano, mpaka Jumamosi moja ya Agosti 2021.

Ijumaa yake tulipanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam, mimi na shoga yangu muuza mchele. Yeye alikuwa na viroba viwili vya kilo hamsini hamsini: kimoja zawadi ya mjomba wake Mbagala, kimoja cha kuuza. Mimi nilifuata vitambaa vya sare za shule. Tozo za miamala ya simu ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza Julai, na mtaani kila mtu alikuwa analalamikia makato. Nikajiona mjanja: laki sita nilizokopa kwenye kikoba nikazifunga kwenye pindo la khanga, kiunoni. Vumbi la njia ya Kidatu tulilila, Mikumi tukaona twiga, jioni tukashuka stendi mpya ya Mbezi miguu imevimba.

Kesho yake Kariakoo. Soko kuu lilikuwa limeungua usiku wa Julai 10, lakini mitaa inayolizunguka ilifurika vilevile. Duka la kwanza bei haikunipendeza. Kwa kuwa nilishafungua pindo, nikaona aibu kulifunga tena mbele za watu. Pesa nikazitia mkobani. Hatukufika mbali. Kijana mmoja akanikanyaga, akaniomba radhi kwa adabu zote: "Samahani, mama." Nilipotia mkono mkobani, vidole vikatokea upande wa pili.

Mpasuko ulikuwa kama shubiri moja, umenyooka, hakuna uzi uliochomoza. Nimeshika mkasi miaka kumi na moja, na nakiri sijakata kitambaa vizuri namna ile. Nikakaa kwenye ngazi za duka la watu nikalia na barakoa yangu usoni.

Usiku ule Mbagala sikulala. Nikawa natunga uongo: nitawaambia wanakikoba nimeuguliwa na mtoto, pesa zimeishia hospitali. Mfuko wa jamii unasaidia wagonjwa na wafiwa, huenda wangenichangia. Nikamnong'oneza shoga yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usimuuguze mtoto mzima kwa mdomo wako. Lala, kesho tuna kazi."

Asubuhi akaazima mzani kwa jirani, akatandika mkeka mbele ya nyumba ya mjomba, akafungua kiroba chake cha kuuza. Sikujua kama jina la kwetu lina thamani hivyo. Akinamama waliuliza, "Wa wapi huu?" Akijibu "Ifakara," wanachota, wananusa, wanapima. Shilingi 1,800 kwa kilo, na kabla ya adhuhuri mkeka ulikuwa mtupu. Elfu tisini zote akanikabidhi. "Kanunue kitambaa. Fundi harudi kwao mikono mitupu." Nauli ya kurudi akalipa yeye.

Jumatano nikasimama kikaoni nikasema kila kitu, hata lile la kutia pesa mkobani. Sanduku lenye kufuli tatu lilikuwa katikati yetu, na nilikuwa naliangalia hilo, siyo nyuso za watu. Mmoja akapendekeza nisaidiwe kutoka mfuko wa jamii. Bibi mmoja akakataa: "Leo tukilipa mkoba, kesho tutalipa kuku." Iliniuma, lakini bibi alikuwa na haki, zile ni pesa za msiba. Wakaamua niongezewe miezi miwili ya kulipa, bila faini. Wapo walionicheka njiani, nao siwalaumu.

Kitambaa kile kikatoa sare, sare zikatoa pesa ya kitambaa kingine. Kuna miezi tulikula pepeta na chai kama chakula cha usiku. Januari, shule zilipofunguliwa, nilishona hadi saa nane za usiku, mguu mmoja ukichoka nakanyaga kwa mwingine. Machi 2022 nikaweka rejesho la mwisho, katibu akapiga mstari kwenye kitabu changu. Mungu ni shahidi, siku hiyo nilikwenda nyumbani natembea katikati ya barabara, baiskeli zinanipigia kengele.

Kiroba cha mchele shoga yangu amekataa katakata nimlipe. Kila nikimkumbusha ananiambia nimshonee gauni. Hadi leo nimeshashona matatu.