Turbo kwa Datsun ya marehemu baba

Siku nyingi sijaandika, samahani. Kompyuta nimeiacha, niko chini ya boneti. Marehemu baba alituachia pikapu ya Datsun 1200 hapa Matulo, injini A12, ujazo wa sentimita 1,171. Nikaamua kuitia turbo. (Msicheke.)

Sababu ninayo. Huku tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa karibu asilimia 15. Ukipanda Kitale ni mbaya zaidi. Turbo hurudisha hewa hiyo. Toyota ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986 kwa Celica ya turbo.

Orodha yangu ilianza na turbo yenyewe, maana ndiyo tamu. Fundi wangu, mzee mmoja, akauliza, "Kompresheni umepima, kijana wangu?" Tukapima. Silinda ya tatu ilikuwa chini sana. Tulipoitia oili kidogo, ikapanda. Yaani ringi zimekwisha.

Basi orodha ikageuka: ringi na beringi, gasketi ya hedi, kisha pampu ya petroli ya umeme (petroli isiposukumwe kwa nguvu kuzidi hewa ya turbo, kabureta hukauka na pistoni huyeyuka). Turbo yenyewe iwe ndogo, presha isizidi bar 0.4, na taimingi irudishwe nyuma kidogo injini isigonge.

Pesa zimeishia kwenye ringi. Mama anauliza gari litabeba mahindi lini. Nimemwambia Jumamosi, bila turbo.