Dawa Moja, Majina Mengi

Siku moja, msomaji wangu, nilishikwa na homa. Nyumbani nilikuwa na vidonge vya dukani vyenye jina la kibiashara. Zahanatini nikapewa vingine vilivyoandikwa parasetamoli. Nikidhani ni dawa mbili, nilitaka kuvimeza vyote pamoja. Jirani yangu muuguzi akanizuia, akanionyesha maandishi madogo ya pakiti: dawa ilikuwa ile ile! Yafaa ujue kwamba parasetamoli ikizidi kipimo hudhuru ini.

Basi, ikiwa mimi nilikanganyikiwa na pakiti mbili, sembuse daftari za hospitali nyingi? Huku huandikwa jina la kibiashara, kule herufi PCM tu, na Marekani dawa hiyo huitwa asetaminofeni. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953. Siku hizi zipo programu za kompyuta, kama Usagi, zinazolinganisha jina lililoandikwa hospitalini na majina ya orodha sanifu, kisha hupendekeza lile linalokaribiana nalo zaidi.

Lakini usidhani kazi imekwisha. Klorpromazini na klorpropamidi hufanana kwa jina kama mapacha, kumbe ya kwanza hutibu maradhi ya akili na ya pili kisukari. Kwa hiyo hapana budi mjuzi wa dawa akague kila pendekezo, alikubali au alikatae. Nawe, kabla hujameza kidonge, soma kwanza yale maandishi madogo.