Viganja Vinne Juu ya Theluji

Theluji ni neno ambalo mwanafunzi wa Kenya hulifahamu mapema, na kitu chenyewe hukutana nacho kwa kuchelewa, kama atakutana nacho. Hulisoma katika somo la jiografia chini ya picha ya kilele cha Mlima Kenya, na hulikuta katika mashairi likisimamia mvi za mzee au usafi wa moyo. Mhadhiri wa isimu atamweleza kwamba limetoka katika Kiarabu, na kwamba mwenzake, barafu, asili yake ni Kiajemi, ambako maana yake ni theluji hiyo hiyo. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyagawia kazi. Johannes Rebmann alipokitazama kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, mwelekezi wake aliuita weupe ule "baridi", basi. Wapo watakaosema kwamba mtu yule alipungukiwa na msamiati. La hasha. Alitaja kile ambacho theluji humtenda mtu, na kwa anayeiendea kwa miguu au kwa magurudumu, hicho ndicho cha kujua kwanza.

Mjadala huu ungebaki wa darasani lau Kiswahili kisingesafiri. Lakini kimesafiri. Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kaskazini mwa Marekani, kimekifundisha kwa miongo mingi, na wapo Wakenya ambao huvuka bahari kwenda kufundisha ngeli na nyakati katika vyuo vya namna hiyo. Hufika mwezi wa Agosti, jua likiwaka, na maziwa ya Mendota na Monona yakimeremeta kwa mashua. Ifikapo Januari, maziwa yayo hayo huwa yameganda kiasi cha wavuvi kutoboa mashimo na kuketi juu yake wakingoja samaki. Usiku wa mwezi huo, nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na mara nyingine baridi huzidi hapo maradufu.

Mwalimu anayesimuliwa hapa alifika hivyo, kijana, msichana wa miaka ishirini na kitu, akiwa na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu. Alipanga chumba katika mji mdogo wa jirani kwa kuwa kodi ya karibu na chuo iliizidi posho yake. Basi la mwisho la kwenda huko liliondoka kabla ya darasa lake la jioni kumalizika. Akanunua gari: dogo, la Kijapani, la milango minne, lenye umri wa miaka 12, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Kuzoea kuendesha upande wa kulia kulimchukua wiki mbili. Mwezi wa Oktoba majirani wakaanza kumuuliza kama gari lake "liko tayari". Hakuelewa swali. Gari lilikuwa likiwaka asubuhi na kusimama lilipoambiwa lisimame. Utayari mwingine ni upi?

Aliyemfafanulia ni mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye ameendesha malori katika majimbo yale kwa muda mrefu. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akapitisha kidole katikati ya meno ya tairi.

"Mwanangu, gari hili limevaa malapa," alisema.

"Lakini mzee, tairi si kuukuu. Tazama, zina meno."

"Meno zinayo. Ulaini ndio hazina. Hebu weka kiganja chako hapo chini." Akaweka. "Kila tairi hukanyaga ardhi kwa eneo kama hilo. Viganja vinne ndivyo vinavyokushikilia wewe na chuma chote hiki. Ukivisahau hivyo, usinieleze habari za injini."

Waama, ndani ya maneno hayo mna fizikia ya kutosha. Raba ya tairi za kiangazi huanza kukakamaa hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kabla chembe moja ya theluji haijaanguka. Tairi za baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini, na juu ya kila jino lake huchanjwa mikato midogo midogo ambayo hufunguka inapokanyaga na kuuma theluji. Alama ya kutafuta ubavuni mwake ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S pekee, zinazohusu matope na theluji, zisimtulize mnunuzi. Hizo hueleza umbo la meno tu, ilhali alama ya mlima hutolewa kwa tairi iliyofaulu jaribio.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, wenyeji kwa wageni. Hudhani kwamba theluji hushindwa kwa nguvu. Hununua gari kubwa ambalo injini yake huvuta magurudumu yote manne, kisha huliacha na tairi zilizokwisha kulika. Ni kweli kwamba gari la namna hiyo huondoka kwa urahisi pale ambapo jingine hubaki likisaga mahali pamoja. Lakini kuondoka si kusimama. Magari yote, makubwa kwa madogo, husimama kwa breki na tairi, na uzito mkubwa haumsaidii mtu anayeteleza kuelekea taa nyekundu. Kwa mizani hiyo, gari dogo lina heshima yake. Tairi zake nyembamba hupenya theluji hadi kwenye lami badala ya kupanda juu yake, na uzito wa injini hukalia magurudumu yale yale yanayolivuta. Udhaifu wake uko tumboni: limeinuka kutoka ardhini kiasi cha sentimita 15 tu. Theluji ikizidi kimo hicho, gari hukaa juu ya tumbo lake kama mtumbwi uliopwelewa, na hakuna tairi itakayoliokoa. Siku hiyo dawa ni kubaki nyumbani.

Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, sheria humlazimisha mwenye gari kuvalisha tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Wisconsin haina sheria ya namna hiyo. Uamuzi ni wa mtu na mfuko wake, na mfuko wa mwalimu huyu ulikuwa na kazi nyingine. Fedha alizokuwa ameweka akiba zilikuwa za karo ya mdogo wake, mwanafunzi wa mwaka wa pili nyumbani Kenya. Kila aliyepitia vyuo vyetu anajua kwamba mwenye deni hapewi kadi ya mtihani.

Fundi mmoja akampa njia ya katikati: anunue tairi mbili tu, za mbele, kwa kuwa ndizo zinazovuta. Ushauri huo una mantiki ya juu juu, nao ni wa hatari. Gari linaloshika mbele na kuteleza nyuma huwa kama punda aliyefungwa kichwa akaachwa mwili. Dereva akikata kona au akikanyaga breki, mkia huzunguka na kutaka kutangulia. Mzee wa Mombasa aliposikia alikataa katakata. Nne au usitoke, alisema.

Simu ya usiku ule ilikuwa fupi. Mdogo wake alisikiliza maelezo yote ya raba na barafu, kisha akauliza kwa upole, "Sasa dada, gari linanunuliwa viatu, na mimi je?" Swali hilo halina jibu ambalo lingemridhisha kijana aliye umbali wa bara na bahari, ambaye hajapata kuona barabara ikigeuka kioo. Dada mtu hakulijibu. Alitafuta tairi za mitumba, akazipata kwa mwanafunzi aliyekuwa amehitimu na kuhamia kusini, zote nne zikiwa tayari katika rimu zake za chuma. Hapo alifanya kazi ambayo mnunuzi yeyote wa mitumba angepaswa kuifanya, awe Madison au Gikomba. Alisoma tarakimu nne za mwisho katika msimbo wa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka tairi ilipotengenezwa. Raba huzeeka hata ikikaa ghalani. Kisha alipima kina cha meno. Tairi ya baridi iliyobakiwa na chini ya milimita 4 imekwisha kupoteza kazi yake, hata kama sheria za barabara bado zinairuhusu. Nusu ya karo ilitumwa Novemba, na nusu ya pili Januari, baada ya miezi miwili ya kula maharagwe.

Kwa Mkenya kuna kinyume chake cha kutafakari. Magari mengi yaliyotumika yanayofika Mombasa hutoka Japani, nchi yenye theluji nyingi upande wa kaskazini, na baadhi hushuka melini yakiwa bado yamevaa tairi za baridi. Japani ilipiga vita tairi za misumari kwa sheria ya mwaka 1990, kwa sababu ya vumbi la lami lililochimbuliwa, na badala yake zikashamiri tairi laini zisizo na misumari. Mnunuzi wa Nairobi huona meno marefu akafurahi. Raba ile iliyoumbwa kwa ajili ya baridi huyeyuka upesi juu ya lami ya moto ya barabara ya Mombasa, na hulegalega gari linapokata kona kwa kasi. Kiatu kizuri kwenye mguu usio wake.

Vifaa vingine havihitaji maneno mengi. Betri hupoteza takriban nusu ya nguvu zake za kuwashia inapofika nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo iliyochoka ibadilishwe kabla ya Desemba. Maji matupu ndani ya rejeta yataganda na kupasua injini. Yachanganywe nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda. Maji ya kuoshea kioo nayo yawe ya aina isiyoganda. Kikwangulio cha plastiki na brashi ndefu vikae ndani ya gari, na theluji ifagiliwe kila mahali, hata paani, maana anayefungua kitundu kidogo kwenye kioo na kuondoka huendesha kama mtu anayechungulia. Maji ya moto yasimwagwe kwenye kioo kilichoganda, kitapasuka. Ndani ya buti: sepetu fupi, mfuko wa mchanga wa kunyunyiza mbele ya magurudumu, nyaya za kuazima umeme kutoka betri ya jirani, blanketi, tochi, chakula kikavu. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Lipo moja ambalo halifai kupitwa kwa haraka, kwa kuwa huua kimya kimya. Gari likikwama katika dhoruba, dereva huwasha injini apate joto. Theluji ikiwa imeziba bomba la moshi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hurudi ndani, na aliyemo husinzia asiamke. Hivyo sepetu ile ina kazi ya pili: kuchimbua bomba kwanza, ndipo injini iwashwe kwa dakika kumi hivi katika kila saa, dirisha moja likiachwa wazi kidogo. Kwa watu waliokulia penye jiko la makaa jambo hili si geni. Ni maafa yale yale ya chumba kilichofungwa usiku wa Julai kule Limuru.

Wanafunzi wa mwalimu huyu walifurahia sana Kiswahili kilipoingia katika buti la gari. Walitaka istilahi. Je, majira yale yaitwe kipupwe? Wapo waandishi wanaolitumia neno hilo hivyo, ingawa kipupwe cha pwani ni ubaridi mtamu wa Juni hadi Agosti ambao haujamgandisha mtu. Darasa likaamua kusema majira ya baridi, na kipupwe wakakiachia bahari yake. Barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami waliiita kioo cha barabarani, na jina hilo limewafaa kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno.

Theluji ya kwanza nzito iliposhuka, mwalimu hakwenda barabarani. Alikwenda katika uwanja mtupu wa kuegeshea magari, Jumapili alfajiri, akakanyaga breki kwa makusudi ili asikie pedali ikitetema mguuni, akaligeuza gari hadi mkia ukachomoka, akajifunza kuondoa mguu kwenye mafuta na kutazama anakotaka kwenda badala ya kukitazama kile anachokiogopa. Alirudia mara nyingi. Madison humwaga chumvi katika barabara kuu tu, ili maziwa yake yasiharibike. Mitaa ya ndani husukumwa theluji, na penye miinuko na njia panda hutiwa mchanga. Chumvi yenyewe hulegea baridi inapopita nyuzi 9 chini ya sifuri. Tena barafu iliyo karibu na sifuri huteleza kuliko ile ya baridi kali, kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Mambo hayo yote alikuwa amekwisha kuyasoma. Mguu ulikuwa bado haujayasoma.

Tairi hizo alizivua Aprili, joto lilipokaa juu ya nyuzi 7 kwa wiki nzima, akazipanga ndani ya kabati la nguo kwa kukosa stoo, kila moja ikiwa na chaki ya kuonyesha mahali pake: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Kisha alilipeleka gari kuoshwa tumboni chumvi, ambayo ilikuwa imeanza kuling'ata chini ya milango.