Nywele za Mtoto Wetu na Tangazo la Msikitini

Mtoto wetu wa pili alipotimiza siku saba tulimnyoa nywele, tukazifunga katika kitambaa na kuzipeleka kwa sonara mmoja mjini Morogoro atupimie. Mizani yake ndogo haikushuka sana. Thamani ya madini ya fedha yenye uzito ule ilikuwa shilingi elfu chache, nasi tukaitoa sadaka siku hiyo hiyo. Tulifuata mafundisho tuliyoyapokea kwa masheikh wetu, ambamo imesimuliwa kwamba Bi Fatima (Allah amridhie) alizipima nywele za wanawe, Hasan na Husein, akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake.

Tunaanza na habari hii kwa sababu, miaka mitatu baadaye, nywele za mtoto huyo huyo zilipimwa tena, kwa namna nyingine na kwa nia nyingine. Safari hiyo tulifanya kosa. Tumekwisha kulikiri mbele ya maamuma wetu, na tunaona ni wajibu tulieleze pia mbele ya wasomaji wa ukurasa huu wa familia, kwani huenda jambo lililobisha hodi kwetu likabisha hodi kwao.

Sisi ni katibu wa kamati ya msikiti katika mtaa mmoja ulio chini ya Milima ya Uluguru. Jioni moja baada ya sala ya Isha walitujia vijana wawili nadhifu, wenye adabu na maneno mazuri. Walisema wanapima nywele ili kujua mwili umepungukiwa na madini gani na umebeba sumu gani za metali, kama risasi na zebaki. Wangekata nywele kidogo kisogoni, wazitie katika bahasha, wazipeleke maabara ng'ambo, na baada ya wiki chache kila mtu angepata karatasi ya majibu. Gharama ilikuwa shilingi 60,000 kwa kila mtu, na katika kila malipo shilingi 5,000 zingeingia katika mfuko wa msikiti.

Wakati huo zulia letu lilikuwa limechakaa, na michango ya zulia jipya ilikuwa inasuasua. Kamati ilikaa, ikazungumza kwa muda mfupi, ikakubali. Hakuna aliyeuliza jina la maabara. Hakuna aliyeuliza kama kipimo hicho kinakubaliwa na madaktari. Tangazo tuliliandika sisi, likasomwa baada ya sala ya Ijumaa kutoka mahali pale pale zinaposomwa habari za mazishi na za mwezi kuandama. Watu 32 walijiandikisha, nasi tukamwandikisha mtoto wetu.

Majibu yalikuja yakiwa na safu za rangi nyekundu, njano na kijani. Mtoto wetu aliambiwa kuwa zinki yake iko chini, seleniamu imezidi, na risasi ni ya kutilia shaka. Chini ya karatasi paliorodheshwa virutubisho vya kurekebisha hali hiyo, ambavyo vijana wale wale walikuwa navyo katika mikoba yao. Tulipokuja kuzikusanya karatasi za wenzetu tuliona jambo ambalo tungeliona mapema lau tungekuwa macho: katika watu wote 32, hakuna hata mmoja aliyeambiwa kuwa ni mzima.

Miongoni mwao alikuwamo dada yetu mmoja, mjane, anayeuza mboga za Mgeta katika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mwanawe wa miaka saba alikuwa amepauka, anachoka upesi, na darasani analala. Karatasi yake ilisema mtoto ana upungufu wa madini saba na sumu ya metali mbili. Dada yule alikopa shilingi 280,000 katika kikoba chake, akanunua chupa za virutubisho, akampa mtoto kwa muda wa miezi mitatu bila kukosa siku. Mtoto alizidi kupauka. Siku alipoanguka shuleni ndipo alipofikishwa hospitali. Alitolewa damu kidogo, kikapimwa na choo. Damu ilikuwa imeshuka mno, na chooni mlikuwa na mayai ya minyoo ya safura. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, vyote kwa gharama isiyofikia bei ya chupa moja ya virutubisho. Leo, alhamdulillah, anacheza mpira nyuma ya msikiti.

Tulipokwenda kumjulia hali, tulimuuliza mama yake kwa nini hakumpeleka hospitali mapema. Alitutazama kwa mshangao, akasema, "Ustadhi, si mlitangaza ninyi? Nilidhani msikiti umeshampima."

Hakusema kwa hasira, na hakudai chochote. Lakini neno lile hatujalisahau. Tulisoma chuo cha Kiislamu, tukafundishwa masharti ya shahidi: awe muadilifu, aseme aliloliona, na asihukumiwe mtu kwa ushahidi wa asiyejulikana. Tulifundishwa pia amri iliyomo katika Suratul Hujurat ya kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tuliyajua hayo kwa masomo na kwa mtihani. Zulia lilipotajwa, hatukuyatumia.

Baada ya hapo tuliamua kujifunza, japo kwa kuchelewa, nywele zinaweza kusema nini na haziwezi kusema nini. Tuliwauliza matabibu, tukasoma. Tuliyoyapata yalitushangaza, kwa sababu nywele si shahidi wa uongo. Katika baadhi ya mambo ni shahidi mzuri sana.

Unywele hulishwa na damu ukiwa bado katika shina lake ndani ya ngozi. Ukishatoka nje haubadiliki tena kwa kinachopita ndani ya mwili, na hukua kwa takribani sentimita moja kila mwezi. Kwa hiyo zebaki ya aina ile inayopatikana katika samaki, iitwayo zebaki ya methili, ikiingia katika damu hunaswa katika unywele na kubaki humo. Sentimita ya kwanza kutoka kichwani ni habari ya mwezi huu, na ya sita ni habari ya miezi sita iliyopita.

Ndugu zetu wa Iraq walilijua hilo kwa msiba. Katika majira ya baridi ya mwaka 1971 kuingia 1972, wakulima waligawiwa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya kuua kuvu yenye zebaki ya methili. Zilikuwa za kupanda, lakini wengi walizisaga wakaoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo. Wataalamu walizikata nywele za akina mama kipande kwa kipande, na zikaeleza ni mwezi gani mama alikula mkate ule na kwa kiasi gani, hata pale mtoto alipokuwa bado tumboni.

Hapa kwetu Tanzania pia nywele zimewahi kuulizwa kwa njia ya kitaalamu. Dkt. Masazumi Harada wa Japani, aliyetumia umri wake kuwatibu na kuwatetea wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alishirikiana na wenzake kupima nywele za wachimbaji wa dhahabu, za wavuvi na za wakazi wa Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Baadhi ya watu walikutwa na zebaki nyingi. Wataalamu hawakukimbilia kuuza dawa. Waliuliza zaidi, wakagundua kuwa kwa baadhi yao chanzo ni sabuni ya kung'arisha ngozi, iliyotengenezwa kwa zebaki.

Hizo ni nywele zilizohojiwa na muadilifu, kwa swali moja linalojulikana, katika maabara inayojulikana. Kipimo cha madini yote kwa mpigo, kama tulichouziwa sisi, ni jambo jingine. Mwaka 1985 daktari mmoja wa Marekani, Stephen Barrett, alichukua nywele za wasichana wawili wenye afya njema, akazipeleka katika maabara 13 za kibiashara bila kujitambulisha. Majibu yalipingana, na wazima wale wakaambiwa wana maradhi mbalimbali. Mwaka 2001 wataalamu wengine wa huko huko waligawa nywele za mtu mmoja mzima, wakazipeleka katika maabara sita. Kwa madini 12, jibu la juu kabisa lilizidi la chini kabisa kwa zaidi ya mara kumi. Kama mizani ya sonara ingetofautiana hivyo, nani angemuuzia dhahabu?

Sababu hazina ugumu kuzielewa. Nywele hukaa nje, zikapata vumbi, moshi, maji ya kisima, hina na piko. Baadhi ya shampuu za kuondoa mba zina seleniamu au zinki ndani yake. Tulipokumbuka kuwa mama wa watoto wetu alikuwa akimwosha mtoto kwa shampuu hiyo, tuliielewa ile seleniamu "iliyozidi". Tena kiasi cha madini katika nywele hakilingani daima na kilichomo mwilini. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuonekana ana zinki ya kutosha katika nywele, kwa kuwa nywele zake zimepunguza kukua. Ndiyo maana kila jambo lina kipimo chake: upungufu wa damu hupimwa kwa damu, minyoo kwa choo, risasi kwa damu, na mvuke wa zebaki aliouvuta mtu hupimwa kwa mkojo.

Jambo linalotuumiza zaidi ni hili. Wakati tukitozwa fedha kwa hofu ya sumu isiyothibitishwa, sumu ya kweli ilikuwa na milango yake katika nyumba zetu, nasi hatukuwa tumeisema hata siku moja katika darsa. Katika baadhi ya mito na mabonde ya Uluguru wapo vijana wanaochekecha mchanga wakitafuta dhahabu. Zebaki hutumika kuikusanya dhahabu hiyo, kisha donge lake huchomwa motoni ili zebaki ipae. Anayelichomea donge hilo katika jiko la nyumbani huwavutisha mvuke huo mke na watoto wake, na mvuke huo hauna harufu ya kuwaonya. Kiasi kinachoingia mtoni kinaweza kugeuzwa na vijidudu vya tope kuwa zebaki ya methili, kikapanda katika samaki. Na tukumbuke kwamba maji ya milima hii ndiyo yanayoingia bwawa la Mindu yakanywewa na mji wetu, na ndiyo yanayoujaza mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni kwa mtu iwapo msikiti wa mtaani kwake umenyamaza.

Mlango wa pili ni sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zimepigwa marufuku nchini, lakini bado huuzwa kwa kificho. Mlango wa tatu ni wanja. Hatusemi neno dhidi ya Sunna ya kupaka wanja wa ithmidi. Tunasema kwamba unaouzwa sokoni kwa jina hilo mara nyingine ni unga wa madini ya risasi, na risasi hudhuru akili ya mtoto. Mzazi asiyejua wanja wake umetengenezwa kwa kitu gani asiupake katika macho ya kichanga.

Kamati yetu ilikaa tena, na mara hii kikao kilikuwa kirefu. Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, shilingi 160,000 tulizopewa hazitaingia katika zulia; zilikabidhiwa kwa dada yetu yule, na wajumbe wakachangishana kumalizia deni lake la kikoba. Pili, hakuna mpimaji wala muuza dawa atakayetangazwa msikitini mpaka alete barua ya mganga mkuu wa manispaa, nasi tuihakiki kwa kwenda ofisini kwake, si kwa kuisoma tu. Tatu, kosa litangazwe mahali pale pale lilipotangazwa. Ijumaa iliyofuata tulisimama tukasema kuwa tuliwaongoza watu katika jambo tusilolijua, na kwamba kila mwenye mtoto mgonjwa ampeleke hospitali bila kungoja chupa ziishe. Baada ya sala, akina mama wanne walitufuata kuuliza habari za safura. Mzee mmoja alituuliza kwa sauti ya chini kuhusu mwanawe anayechoma dhahabu uani.

Zulia bado ni lile lile la zamani, na mahali pa safu ya tatu limetoboka. Mtoto wetu nywele zimeota tena kisogoni pale walipokata. Tunapozitazama tunakumbuka kuwa msikiti una kitu ambacho wauzaji wote wanakitafuta, nacho ni imani ya watu. Ni amana ya Allah na ya waja wake, na sisi tuliikodisha kwa shilingi 5,000 kwa kichwa. Tunamuomba Allah atusamehe, na tunawaomba wanakamati wenzetu wa misikiti mingine wajifunze kwa kosa letu kabla hawajafikiwa na bahasha.

Wabillahi tawfiq.