Kuku Aliyelima Shamba

Nilipoanza kazi ya ualimu niliamini kwamba mwandiko wa mtu ni kama sauti yake: huzaliwa nao, wala hana uwezo wa kuubadili. Imani hiyo ilinipotosha, na aliyeadhibiwa kwa ajili yake hakuwa mimi.

Siku moja, mbele ya Darasa la Pili, niliandika ubaoni kwa haraka: "Kaka analima shamba." Nikamwita mtoto mmoja wa dawati la nyuma aisome sentensi hiyo. Akasoma kwa sauti: "Kuku analima shamba." Darasa zima likaangua kicheko. Nami, nikidhani kuwa anafanya mzaha, nikamwamuru asimame hadi mwisho wa kipindi. Wanafunzi walipokwisha kutoka, nilikwenda kuketi mahali pake, nikautazama ubao. Katika neno la kwanza nilikuwa nimeziacha herufi a zote mbili wazi kwa juu, zikawa u. Mtoto alisoma kile nilichokiandika.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Lakini radhi haifungi herufi. Ndipo nilipoazimia kubaki darasani kila jioni kwa dakika 15.

Juma la kwanza nilijaza ubao mzima upesi upesi, wala sikuona maendeleo yoyote. Nikatambua kuwa kulirudia kosa kila siku ni kulikomaza. Nikabadili njia. Nilichagua jambo moja tu, yaani kulifunga duara. Duara hilo ndilo linaloanzisha a, d na g. Mkono ukilizoea, herufi zote tatu hunufaika. Nilijizoeza kuuongoza mkono kutoka begani badala ya kwenye kifundo, na kusogea kando hatua kwa hatua ili mstari usipande. Kila nilipomaliza mstari mmoja, nilikwenda kuusoma kutoka dawati la nyuma, kisha nikarudi kuusahihisha. Mwendo huo wa kwenda nyuma na kurudi ulinifundisha zaidi kuliko chaki yenyewe.

Muhula ulipokwisha, mwandiko wangu haukuwa wa kupendeza, ila ulisomeka. Nilipokusanya madaftari, nilifungua la yule mtoto. Herufi zake a zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko zangu. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo kwa maneno. Alikuwa akiunakili ubao.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, usingoje mazoezi ya kufundisha ndipo uushike ubao. Chagua kosa lako moja, lipe dakika chache kila siku, nawe ulitazame kutoka mahali anapoketi mtoto. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Ni kweli, mradi shoka lirudi palepale lilipokata jana.